Makedi wanajua kuifundisha kona ya gofu, wapeni nafasi

Mhariri,

Likizo ya Agosti nilisimama kando ya uwanja mmoja wa gofu hapa Pwani nikiwatazama watoto 14 wa shule ya msingi wakifundishwa kupiga mpira. Mwalimu wao ni mtu mpole na mchezo anaujua, hilo sina shaka nalo. Aliwaonyesha namna ya kushika fimbo, namna ya kusimama, namna ya kuipeleka nyuma hadi juu ya bega. Mpaka hapo watoto walimfuata vizuri. Kisha akafika penye matata, pale fimbo inapomaliza kupanda na kuanza kushuka, ambapo siku hizi napaita kona, na hapo akamwaga Kiingereza: kiuno kifanye hivi, fimbo iangushwe kwenye njia fulani isiyoonekana, subiri, usisubiri sana. Watoto waliitikia kwa kichwa. Nimefundisha miaka 34, Mhariri, na mtoto anayeitikia kwa kichwa bila kuelewa namjua hata akiwa amenipa mgongo. Zamu ya kupiga ilipofika, mpira baada ya mpira ulipinda kulia, na wengine waliukosa mpira kabisa.

Hatua chache kutoka hapo makedi wanne, wale wanaowabebea wachezaji mikoba ya fimbo, walikuwa wamekaa chini ya mwarobaini. Kila mmoja wao angeweza kuwaeleza watoto wale jambo lile kwa sentensi mbili. Nasema hivyo kwa sababu mmoja wao ndiye aliyenieleza mimi. Hakuna aliyewauliza.

Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Likoni. Nilistaafu mwaka 2021 nilipotimiza miaka 60, na mwaka huo huo kaka yangu akatutoka. Alikuwa kedi tangu ana miaka 12. Alibeba mikoba ya watu maisha yake yote, na yeye mwenyewe alicheza Jumatatu, siku ambayo makedi walikuwa wakiachiwa uwanja. Ndugu walipogawana vitu vyake hakuna aliyeutaka mkoba wa fimbo. Ndani mlikuwa na fimbo tisa zisizofanana, mojawapo ikiwa draiva (fimbo ya kupigia mbali) ya kale yenye kichwa cha mti, ya zamani zile kabla vichwa vya chuma havijaenea. Nikasema nitauchukua mimi. Baada ya arobaini nilijitwika mkoba huo begani, nikavuka feri, nikatembea hadi kwenye uwanja wa mashimo tisa ulio juu ya jabali la bahari, kule kwenye mibuyu ya Mama Ngina. Sikuwa nimewahi kupiga hata mpira mmoja. Nilitaka tu kujua kaka yangu alikuwa anakwenda kutafuta nini kila Jumatatu.

Tangu siku ile ninapambana na nukta moja. Kusimama najua, kuipandisha fimbo najua. Hata kumalizia, nikiwa sina mpira mbele yangu, namalizia vizuri mikono ikiwa juu na kitovu kikielekea ninakopiga. Taabu iko katikati. Nikifika juu, jicho linauona mpira na mikono inaingiwa na uchu. Inakimbilia chini kabla mwili haujapata habari. Bega la kulia linasukumwa mbele, fimbo inatoka nje ya njia yake, inaujia mpira kwa mshazari kutoka nje kuelekea ndani, na uso wake wa kupigia umebaki wazi, umeelekea kulia kwa njia hiyo. Mpira unaanza kushoto, halafu unapinda kulia, unapinda, unaendelea kupinda. Vifundo vya mikono, ambavyo vilitakiwa kubaki vimekunjwa hadi karibu na mpira, vinafunguka mapema mno na nguvu inaishia hewani. Msimu wa kusi, upepo ukinijia kutoka kushoto, mpira wa namna hiyo sihangaiki kuutafuta.

Watu wasiocheza wataniuliza kwa nini nisijirekebishe pale pale fimbo inaposhuka. Haiwezekani. Waliopima wachezaji wa kulipwa kwa kamera wameona kwamba kuipandisha fimbo huchukua kama robo tatu ya sekunde, na kuishusha hadi kwenye mpira kama robo moja. Na mwili wa binadamu unahitaji karibu robo hiyo hiyo kuitikia kitu ulichokiona. Kwa hiyo ukishaanza kushuka vibaya, utashuka vibaya mpaka chini. Unaweza kujua kabisa kwamba umekosea na bado usiwe na la kufanya. Nilipolielewa hili niliacha kujilaumu kwa kile kinachotokea kwenye mpira, nikaanza kushughulika na kinachotokea juu.

Mwaka 2022 nilimlipa mwalimu wa gofu, ambaye simtaji, shilingi 2,000 kwa kila nusu saa, mara sita. Kwa mtu wa pensheni hizo si fedha za kuchezea. Kiingereza nakijua; nimekifundisha. Nilielewa kila neno alilolisema na mwili wangu haukuelewa hata moja. Neno lake kubwa lilikuwa nianze na kiuno. Basi nikakianza kiuno. Nilikizungusha kwa nguvu zangu zote, kama mtu anayefungua mlango uliokwama, na mabega yakafuata papo hapo kwa sababu yameshikana nacho. Mikono ikabaki nyuma, ikavutwa, fimbo ikatoka nje vile vile kama zamani. Kilichoongezeka ni maumivu ya mgongo, wiki mbili sikuinama kufagia uwanja wangu. Ushauri wenyewe haukuwa wa uongo. Ulikuwa nusu. Kuna kitu kinachotangulia kiuno na hakuna aliyekuwa amenitajia.

Februari 2023 nilikwenda Vipingo kutazama mashindano ya wazi ya wanawake, yale yaliyowaleta wachezaji wa ligi ya Ulaya huku Kilifi. Aditi Ashok wa India alishinda kwa tofauti ya mikwaju tisa, maana kwenye gofu mwenye mikwaju michache ndiye mshindi. Si mwanamke wa misuli, na wapo wengi wanaoupeleka mpira mbali kumpita. Nilikaa karibu na uwanja wa mazoezi karibu saa nzima, na sikuutazama mpira hata mara moja. Nilitazama miguu ya wachezaji. Jambo nililoliona sikuweza kuliweka kwenye maneno siku ile: mguu wa kushoto wa kila mmoja wao ulikuwa tayari umekanyaga chini kwa uzito, na fimbo bado inapanda. Si kwamba vilifuatana. Vilipishana, kama watu wawili kwenye ngazi moja, mmoja anashuka na mwingine hajafika juu. Nilirudi nyumbani na picha hiyo lakini sikujua nifanye nini nayo.

Aliyenifungua macho ni kedi, kijana wa Ukunda, umri wa mwanangu wa mwisho. Alikuwa amenibebea mkoba mara tatu bila kusema lolote, kwa adabu, maana kedi hamkosoi mteja asipoulizwa. Mara ya nne nikamwuliza.

"Mwalimu, niseme kweli?"

"Sema, mwanangu."

"Unakata kona vibaya."

Nikamwuliza kona ipi. Akanyoosha mkono juu ya bega lake. "Kule juu. Fimbo inakwenda, lazima irudi. Pale inaporudi ni kona. Wewe unaingia kwenye kona umekanyaga mafuta. Dereva akifanya hivyo kwenye kona za kupanda Kwale, abiria wanalala mtaroni. Mafuta unakanyaga ukishatoka."

Kisha akaenda kwa wakata nyasi, akaazima fyekeo, ile tunayoiita slasha shuleni, akanipa. "Kata hapa, mwalimu." Ilikuwa ukingoni mwa uwanja, nyasi zimefika magotini. Nilianza kufyeka nyasi za shule nikiwa darasa la nne, na baadaye nikawasimamia watoto wa watu wakifyeka kwa miaka 34. Nikafyeka. Akaniambia niendelee, lakini polepole, na nitazame mguu wangu wa kushoto.

Mhariri, mguu wa kushoto ulikuwa unakanyaga wakati fyekeo bado linapanda nyuma yangu. Goti linasogea, nyonga inafuata, bega linafuata, mkono unafuata, bati la fyekeo linakuja mwisho kabisa na linapita likiimba. Hakuna aliyenifundisha hivyo. Ukifyeka kwa mikono peke yake unachoka kabla ya kumaliza mstari, kwa hiyo mwili wa mtoto unajifunza wenyewe kutanguliza mguu. Nilikuwa nimeifanya kona hiyo mara maelfu, na vizuri, kabla sijamlipa mtu shilingi 12,000 anifundishe.

"Uzito kwanza," kijana akasema, "kiuno baadaye. Mikono ni abiria."

Hicho ndicho kilichokosekana kwenye masomo yangu sita. Kiuno hakianzi kwa kuzunguka. Kwanza uzito unahamia mguu wa kushoto, tena unahama mapema, fimbo haijamaliza kupanda. Uzito ukishatua, kiuno kinapata mahali pa kuzungukia, na mikono inashuka karibu na mwili bila kuamrishwa. Ukizungusha kiuno uzito ungali mguu wa kulia, unarusha mabega nje. Ndiyo yaliyonipata mimi, na ndiyo niliyoyaona kwa wale watoto 14.

Sasa nafanya mazoezi ufuoni Shelly, alfajiri, maji yakiwa yamekupwa na mchanga ni mgumu. Naanza miguu ikiwa pamoja. Fimbo inapopanda napiga hatua moja kushoto, nakanyaga, naiacha ishuke. Sichukui mpira. Mchanga unanieleza ukweli: nikifanya sawa, unyayo wa kushoto unazama kisigino na wa kulia unaacha alama ya vidole tu, kisigino kikiwa kimenyanyuka. Nikifanya haraka, wa kulia ndio unaochimba shimo na wa kushoto unakuwa kama wa mtu aliyepita tu. Wavuvi wanaorudi wamenizoea. Mmoja wao aliniambia kutupa kimia ni hivyo hivyo, ukikitupa kwa mikono kinaanguka kimejikunja.

Sijapona. Mpira ukiwekwa mbele yangu uchu unarudi, hasa kwenye tii ya kwanza, pale pa kuanzia shimo, watu wakinitazama. Mashimo tisa nilikuwa nayamaliza kwa mikwaju 61 au 62, mwezi uliopita nimepiga 53. Katika mikwaju hiyo 53, labda sita au saba niliikata kona sawasawa, na sauti yake ni tofauti, unaisikia kabla hujainua macho. Kwa hizo sita ninavuka feri kila wiki.

Nimesoma na kutazama wachezaji wakubwa tangu hapo. Hideki Matsuyama wa Japani, bingwa wa Masters, mashindano makubwa ya Marekani, mwaka 2021, alijulikana kwa kusimama kidogo juu kabla ya kushuka, kana kwamba amekumbuka jambo. Jim Furyk wa Marekani aliipandisha fimbo wima kisha akaizungusha kitanzi ikishuka. Mwalimu wake alikuwa baba yake mzazi. Akashinda US Open mwaka 2003, na mwaka 2016 akamaliza mashimo 18 kwa mikwaju 58, jambo ambalo hakuna mwingine aliyekuwa amelifanya katika ligi ya kulipwa ya Marekani, PGA Tour. Ukiwatazama juu juu utasema hawa hawachezi mchezo mmoja. Tazama chini. Mguu wa mbele umetua kabla ya fimbo kurudi, kwa wote wawili. Umbo la kona ni la mtu mwenyewe, ila hakuna anayeikata kwa kutanguliza mikono akafika mbali. Kwa hiyo sikubali tunapowalazimisha watoto wetu wafanane na picha moja ya kitabuni. Mtoto wa Diani aliyezoea kufyeka atakuwa na kona yake, na wa mjini ambaye hajawahi kushika fyekeo atahitaji njia nyingine: kurusha jiwe baharini liruke juu ya maji, au kudaka na kurusha mpira wa netiboli.

Ninaloliomba si kubwa. Kwanza kwa wenye viwanja na wanaoandaa masomo ya watoto: muwape makedi nafasi ya kufundisha, na muwalipe. Nasema muwalipe kwa sababu najua jinsi jambo hili linavyokwenda. Kaka yangu aliwarekebisha watu wengi uwanjani na alichopata ni ujira wa kubeba mkoba. Kedi amesimama nyuma ya mipigo elfu nyingi ya watu wa kila aina, wanene, wembamba, wazee, wenye hasira. Ameona kona nyingi kuliko mwalimu yeyote. Asipokuwa na cheti apewe mafunzo ya kukipata, kwa lugha anayoielewa, lakini asiachwe kivulini na mkoba magotini wakati watoto wa mtaa wake mwenyewe wanapotezwa.

Pili kwako, Mhariri. Kurasa za michezo za magazeti yetu zinapoandika gofu, mara nyingi ni majina na alama: nani ameshinda, kwa mikwaju mingapi, kombe limedhaminiwa na nani. Mashindano ya wazi ya Kenya yapo tangu 1967. Seve Ballesteros wa Hispania alilitwaa taji hilo mwaka 1978 akiwa bado kijana, na mpaka leo hakuna Mkenya aliyelitwaa. Kwa miaka yote hiyo tumeandika matokeo. Ni mara ngapi tumeandika namna? Kwenye kandanda tuna chenga, mkwaju, kanzu, kombora, na mtoto wa miaka saba anaweza kumweleza mwenzake jinsi bao lilivyofungwa. Kwenye gofu tuna jina la fimbo na jina la shimo, halafu tunanyamaza. Mchezo usio na maneno kwenye lugha ya watu unabaki wa wale walioupokea na maneno yake. Watu husema gofu ni ya matajiri kwa sababu ya bei ya vifaa. Bei ni kweli, sibishani, lakini mimi nimecheza miaka yote hii kwa fimbo tisa za urithi. Kilichonichelewesha ni maneno.

Naomba safu moja, hata mara moja kwa mwezi, ambapo kedi au mchezaji anaeleza kitu kimoja tu cha mchezo kwa Kiswahili kinachoeleweka na mtu wa Likoni. Niko tayari kuandika ya kwanza, na kijana wa Ukunda amekubali kukaa nami tuiandike pamoja, mradi jina lake ndilo litangulie.

Na kwa wasomaji wenzangu nina swali. Sisi huku tunaiita kona. Nataka kujua makedi wa Nyeri, Kisumu, Arusha, Moshi na Entebbe wanaiitaje nukta ile fimbo inapogeuka juu ya bega, na wanamwambia nini mtu anayeikimbilia. Kaka yangu bila shaka alikuwa na neno lake. Sikuwahi kumwuliza.

Mwalimu mstaafu,
Likoni, Mombasa